Joto na uchovu baada ya kuongezewa dozi ya thairoidi

Pole sana dada, kama umetolewa levothairoksini (dawa ya homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni) ya mikrogramu 75 ukapandishwa 100 na sasa unachoka na joto linakushika mpaka shuka linalowa usiku, mi ningeuliza kwanza kama dozi imezidi, maana ikizidi moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na usipolala uchovu lazima uwepo. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, uandike. Ila usijipunguzie mwenyewe tafadhali, hii dawa inatoka mwilini taratibu, nusu yake tu inachukua kama siku 7, ndo maana kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kama dozi inakutosha au imezidi, hurudiwa wiki 6 mpaka 8 baada ya kubadilisha dozi. Lakini kwa hali hiyo usisubiri wiki zote hizo, mpigie daktari kesho aamue kama upimwe mapema, na umwombe aangalie na wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Kama unameza biotini, ile vitamini ya nywele, mwambie, inavuruga majibu ya kipimo. Kifua kikiuma au moyo ukirukaruka nenda hospitali saa hiyohiyo.