Mawese yanayopotelea mtaroni: kwa mwenye mashine ya kukamua Kigoma

Mkuu, umeuliza kama mwenye mashine ndogo ya mawese huku Simbo anapata chochote akishughulikia maji machafu, au ni gharama tu ya kuwanyamazisha majirani wanaolalamikia harufu. Anapata, na anachopata ni mawese yenyewe. Yale maji ya kahawia mtaroni bado yana mafuta ambayo umeshayalipia: chikichi, kuni, vibarua.

Pima kabla ya kujenga. Kinga lita 20 za maji hayo, yaache yalale, asubuhi engua utando wa juu, uuchemshe mpaka maji yaliyomo yakauke, kisha weka mafuta yanayobaki kwenye mizani. Ukipata gramu 150, kila lita 1,000 zinaondoka na kilo 7.5. Zidisha kwa bei ya dumu sokoni kwenu, utajua mtaro unakula kiasi gani kwa wiki.

Kiasi kikiwa kikubwa, kasoro iko jikoni. Ama chikichi hazikuchemshwa zikaiva sawasawa, nyama ikang'ang'ania kokwa, ama moto wa kusafishia mafuta ni mkali mno. Mchemko wa nguvu unayavunja mafuta kuwa matone madogo yanayonasa kwenye tope, hayapandi tena. Punguza moto, ongeza maji ya moto (ya baridi yanagandisha), yaache yatulie saa moja au mbili. Hilo halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Ndipo ujenge mtego wa mafuta: chemba tatu za tofali zilizopigwa plasta, kila moja mita 1 kwa mita 1, kina mita 1. Kati ya chemba na chemba weka bomba la inchi 4 lenye elbo, mdomo ukitazama chini, sentimita 30 kutoka sakafuni. Maji yanapita chini, mafuta yanabaki juu. Engua kila jioni yakiwa bado na joto. Mitego mingi inakufa kwa sababu tope halitolewi: linapanda hadi mdomo wa bomba na kila kitu kinapita. Nyingine inauliwa na maji ya sabuni ya kuoshea mapipa, maana sabuni inayeyusha mafuta ndani ya maji. Hayo yatengenezee njia yake.

Nakuomba sana, mafuta ya mtego usiyarudishe kwenye dumu la chakula. Asidi yake imeshapanda, na kiasi kidogo kinaharibu dumu zima. Wauzie watengeneza sabuni.

Makapi yaanike mpaka yakauke, uyachome pamoja na maganda ya mise (kokwa za chikichi), kuni zitapungua. Yakiwa mabichi ni moshi mtupu. Mikungu mitupu ina potasiamu nyingi, irudishe shambani chini ya michikichi, tabaka moja tu. Ukirundika unamfugia chonga, yule mbawakawa mwenye pembe.

Maji yanayotoka mtegoni bado ni makali, pH (kipimo cha asidi) 4 hadi 5, na yakiingia mto Luiche au ziwani yanamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Yapeleke kwenye shimo la udongo wa mfinyanzi, mbali na kisima. Shimo hilo halileti hela, sikufichi, lakini ndilo linalokuwezesha kuendelea kufanya kazi mahali ulipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kama mashine yako iko ndani ya hizo mita, usinunue tofali hata moja kabla hujapata eneo jingine.