Anachonga Penseli ya Marehemu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeandika tamthilia ya upelelezi kaniletea ujumbe: "Kaka, stelingi wangu kapata kazi kubwa zaidi, anaondoka. Msimu wa kwanza watu wameupenda sana. Nimuue, nimsafirishe, au nifunge tu?" Nilianza kumjibu palepale, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kumbe kidonda nilichojidai kimepona kilikuwa kimefunikwa tu.

Maana mimi yalinikuta, na niliendelea.

Tamthilia yangu ilikuwa na mpelelezi asiye na jina. Wote walimwita Inspekta. Wazo lilikuwa langu na hadi leo najivunia: mtu anaingia chumba cha mahojiano, hujui katoka wapi, hujui ana mke au hana, unachojua ni kwamba mshukiwa hatoki humo na uongo wake. Msimu wa kwanza ulipoisha nilikuwa natembea sigusi chini.

Lakini kilichowanasa watazamaji kilikuwa penseli. Katika sehemu ya pili Inspekta alitakiwa aandike jina la mshukiwa kisha aanze maswali. Ncha ikavunjika. Mwongozaji alikuwa anafungua mdomo kusimamisha kazi, na yule mwigizaji, bila kuinua macho, akavuta mfuko wa kielelezo uliokuwa mezani, akatoa wembe uliotumika kuua mtu kwenye hadithi, akaanza kuchonga. Taratibu. Maganda yanadondoka juu ya jalada, moja, jingine, na aliyeigiza mshukiwa, ambaye naye hakuambiwa kitu, akatokwa jasho la kweli. (Ndiyo, huko ni kuharibu kielelezo, najua, wanasheria msiniandikie.) Kamera haikuzimwa. Kuanzia hapo kila sehemu ikawa na penseli, na kila nilipohojiwa nikasema niliiandika mimi. Sikuiandika. Leo nakiri.

Aliniaga kwa ujumbe wa simu, saa nne usiku, siku mbili kabla ya kuanza kurekodi msimu wa pili. Mistari mitatu. Fedha alizoahidiwa kwingine nisingeziweza, sawa, kila mtu anatafuta. Lakini mistari mitatu, kwa mtu niliyemtoa kwenye nafasi za mlinzi anayefungua geti? Nimeshamsamehe. Nadhani.

Nikafanya hesabu ya mtu mwenye hasira: kama Inspekta hana jina, basi koti lake linamtosha yeyote. Nikamuua nje ya kamera. Simu inaita ofisini, koplo anapokea, anasema "Inspekta amepata ajali," mwili haukuonekana, mazishi hayakuwepo, na dakika tatu baadaye anaingia mwingine, koti lilelile, mwendo uleule. Anakaa mbele ya mshukiwa. Anatoa penseli.

Sehemu hiyo haijafika katikati, mtazamaji mmoja akaandika: "Huyu anachonga penseli ya marehemu."

Maneno matano, na yakasambaa kuliko tamthilia yenyewe. Mwigizaji mpya, ambaye hakuwa na kosa lolote, akawa haitwi jina lake tena, anaitwa Penseli. Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Tulifunga kwenye sehemu ya saba.

Baada ya hapo nikakaa chini nikaanza kuchunguza wenzetu walivyovuka mto huu, jambo ambalo ningelifanya kabla kama si kiburi. Mfano ulioniumiza zaidi ni Taggart, tamthilia ya polisi wa Glasgow iliyoanza 1983. Mark McManus, aliyeigiza Taggart mwenyewe, alifariki 1994. Wakaendelea, na jina wakaliacha vilevile, hadi 2010. Miaka 16 tamthilia inaitwa kwa jina la mtu ambaye hayumo! Waliwezaje? Hawakutafuta Taggart mwingine. Kiti alikikalia msaidizi wake, Jardine, ambaye watazamaji walikuwa wanamfahamu kwa miaka, wameshamwona anakaripiwa, anakosea, anakua. Mimi nilikuwa na koplo wangu pale kwenye simu. Watu walikuwa wanamuulizia tangu msimu wa kwanza. Nikampa kazi ya kutangaza msiba.

Law & Order ni jambo jingine kabisa. Ile ilianza 1990 ikiwa mashine: nusu ya kwanza polisi wanakamata, nusu ya pili waendesha mashtaka wanapambana mahakamani. Ilipofika 2010, msimu wa 20, hakuna hata mmoja wa waigizaji wakuu wa mwanzo aliyebaki, na 2022 ikarudishwa. Pale stelingi ni kesi. Kama yako iko hivyo, mdogo wangu, lala usingizi.

Sasa tazama Castle. Aprili 2016 ikatangazwa kwamba Stana Katic, aliyeigiza mpelelezi Beckett, hatarudi hata kama msimu wa 9 utakuwepo. Tamthilia nzima ilijengwa juu ya watu wawili, mwandishi wa riwaya na mpelelezi, wanavyochokozana na kupendana. Ukimtoa mmoja unabaki na mtu anayeongea peke yake. Mwezi uliofuata ikafutwa. Sehemu ya mwisho wote wawili wanapigwa risasi, wako sakafuni, halafu ghafla, miaka 7 baadaye, wako mezani na watoto watatu. Mshono unaonekana kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nimuue au nimsafirishe", jiulize mtazamaji anarudi kwa sababu ya nini. Kesi, au mtu? Kama ni mtu, funga. Funga ukiwa bado unapendwa. Najua inauma, najua umeshamwahidi kila mtu msimu wa pili, lakini funga.

Kama ni kesi, au ni timu, endelea, ila msiba uonekane. Death in Paradise walimuua inspekta wao, Richard Poole, kwa sindano ya kuvunjia barafu, sehemu ya kwanza kabisa ya msimu wa 3, na kesi ya kwanza ya mrithi wake ikawa ni kumtafuta muuaji huyo. Mtazamaji akaomboleza huku anafanya kazi. Na mrithi hakuwa nakala: Poole alikuwa mtu wa suti na tai kwenye joto la kisiwani, Humphrey aliyemfuata alikuwa anajikwaa kila mlango. Mandy Patinkin alipoondoka Criminal Minds mwaka 2007, mhusika wake aliacha barua, na kijana aliyemlea kazini ndiye aliyeikuta. Barua tu. Mimi nilishindwa hata barua.

Na usimpe mrithi vitu vya marehemu. Narudia, usimpe. Wala koti, wala neno lake la mazoea, wala namna ya kuingia mlangoni. Kitu kilichozaliwa mikononi mwa mwigizaji si mali yako hata kama mkataba unasema ni yako. Nimelipia somo hilo, nakupa bure. Hasira nayo iache nje ya muswada. Ukimuua mhusika kwa sababu mwigizaji kakuudhi, watazamaji wataona ni nani hasa uliyetaka kumuua.

Hayo nilimwandikia kijana, kwa urefu kuliko alivyoomba. Mwisho nikamuuliza: msimu wa kwanza, nani mwingine alikuwa chumbani? Akajibu hakuna wa maana, ila kuna dada karani anayeandika maelezo ya washukiwa, hana hata mstari mmoja wa kusema. Nikamwambia anitumie vipande vyote alivyomo.

Vimefika jana, 14. Nimevitazama mara mbili. Kwenye kipande cha tisa stelingi anamdanganya mshukiwa kuhusu tarehe, na yule dada anaacha kuandika.