Je, kufungwa kwa duka langu ni laana ya kutotii?

Dada yangu, umeeleza kwamba duka lako limefungwa ingawa umetoa zaka kwa uaminifu, na kwamba mhubiri mmoja amekusomea Kumbukumbu la Torati 28 akidai kuwa una dhambi iliyofichika. Pole sana. Nakuomba uisome sura hiyo yote: baraka za mstari wa 1 hadi 14 na laana za mstari wa 15 hadi 68 zilitamkwa kwa taifa la Israeli huko Moabu, kabla ya kuvuka Yordani, kuhusu mvua, mazao na usalama wa nchi, wala hazikuwekwa ziwe kipimo cha hesabu za duka la mtu mmoja. Kisha msome Ayubu, ambaye rafiki zake walimhukumu vivyo hivyo, na katika 42:7 Mungu akawakasirikia wao. Nilipofiwa, Habakuki 3:17-18 ndiyo iliyonishika mkono. Tafadhali usikope fedha ili upeleke sadaka ya kuondoa laana. Zungumza na mchungaji mwingine unayemwamini, na iwapo hupati usingizi au umekata tamaa ya kuishi, mwone daktari leo hii.