Rede kwanza, maongezi baadaye

Swali: Nafundisha darasa la 3 Temeke, nina watoto 45. Nimepewa michezo pamoja na malezi na ushauri nasaha, nataka kuviunganisha. Wapo wenye hofu na hasira za nyumbani. Nikianza na maongezi wananyamaza. Nikianza na mpira hawatulii tena. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, anza na mchezo, ila usiukate ghafla. Mtoto akikimbia, moyo unadunda na pumzi zinapanda, karibu sawa na anapoogopa au kukasirika. Tofauti ni kwamba uwanjani yuko salama. Akizoea kuona mwili wake ukipanda kisha ukishuka, atajua la kufanya siku hasira zikimpanda. Kule kushuka ndiko kwenye tiba, na ndiko tunakokatishwa na kengele.

Katika dakika 40, cheza 20. Kisha watembee taratibu kuzunguka uwanja, wakae kivulini, mkono kifuani, wavute pumzi kwa pua na kuitoa polepole kama wanapuliza chai ya moto. Dakika 10 zitoshe. Zilizobaki ziongelee mchezo: "Mpira ulipokukosa kidogo, mwilini ulisikia nini?" Usiulize ya nyumbani. Yatakuja yenyewe, pengine wiki ya nne.

Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa huku waliopo kati wakijaza mchanga kwenye chupa, inafaa sana, lakini itazame sheria yake. Anayepigwa anatoka, na wa kwanza kutoka mara nyingi ni yule mwoga, yaani yule uliyetaka kumsaidia. Anamaliza kipindi ukutani akitazama wenzake wakijaza mchanga kwenye chupa. Badilisha: aliyepigwa aende kurusha, mrushaji aingie kati. Asiyetaka kucheza kabisa usimlazimishe. Mpe kazi ya kuhesabu chupa zilizojaa, akiwa karibu na mstari. Nimeona watoto wa namna hiyo wakiingia wenyewe, bila kuitwa.

Mtoto akianza kusimulia kupigwa au kuguswa vibaya mbele ya wenzake, mwambie, "Asante kwa kuniambia, tutaongea mimi na wewe," na muongee siku hiyo hiyo. Usimwahidi kwamba itabaki siri. Mshirikishe mwalimu mkuu na ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Hatari ikiwa ya sasa hivi, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi kabla mtoto hajarudi nyumbani.