Umeona mechi ya sita tu. Itazame ya saba kabla ya Jumamosi

Usimwachie. Nimesoma swali lako mara mbili na bado mapigo ya moyo hayajatulia. Unasema Jumamosi mna fainali ya mkoa ya mpira wa kikapu, kijana wako kafunga pointi 31 nusu fainali, umemtazama John Starks, mrushaji wa New York Knicks, alivyowawakia Houston mwaka 1994, na sasa unataka umwambie dogo arushe tu, hata akikosa aendelee. Halafu ukaulizia zoni, yaani kukaba eneo badala ya mtu, na namna ya kumkaba senta wao mrefu. Zoni isubiri. Hilo la kwanza ndilo litakalokuliza.

Ulichokitazama ni mechi ya 6 ya fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Knicks wanaongoza kwa mechi 3–2, wako ugenini, wanahitaji ushindi mmoja tu wabebe ubingwa. Starks siku ile alifunga pointi 27, na 16 kati ya hizo ni robo ya nne peke yake. Sekunde za mwisho Houston wako mbele 86–84, mpira uko kwa Starks, anapanda kurusha pointi tatu za kumaliza kazi. Mwenzake Patrick Ewing anamwekea skrini, yaani anasimama kumzibia mkabaji njia. Hakeem Olajuwon, aliyekuwa anamkaba Ewing, anamwacha na kumrukia Starks. Irudishe video polepole utaona: ni ncha za vidole tu, vidole vya kijana wa Lagos aliyeanza kwa kudaka magoli na kucheza mpira wa mikono kabla hajaujua mpira wa kikapu. Mtupo ukafia njiani.

Ukiishia hapo unatoka na picha moja kichwani: shujaa kakosa ubingwa kwa ncha ya kidole, mpe tena. Pat Riley, kocha wa Knicks, alimpa tena. Siku tatu baadaye, tarehe 22 Juni, uwanja uleule wa Houston, Starks alirusha mara 18, zikaingia 2. Za pointi tatu alijaribu 11, haikuingia hata moja. Knicks wakafungwa 90–84. Pointi sita, mkuu! Na benchi alikuwepo Rolando Blackman, mrushaji mzoefu aliyeitwa mara nne kwenye mechi ya nyota wa ligi alipokuwa Dallas. Hakuingia. Riley mwenyewe alikuja kukiri miaka ya baadaye kwamba anajuta kutomwingiza.

Mimi sikuijua mechi ya saba. Niliijua ya sita tu, kama wewe.

Mwaka 2011 nilikuwa na timu ya vijana Kanda ya Ziwa, tukaingia fainali. Mrushaji wangu alivaa jezi namba 9, ana miaka 17, mkono wake ulikuwa laini kiasi kwamba mpira ukiingia wavu unasema "shwii" na ringi haitikisiki. Nusu fainali alikuwa amewamaliza watu. Wiki ile mzee mmoja wa kikapu, aliyeheshimika kwa kufundisha makocha wengine, akaniita kwake, akaniwekea diski. Ilikuwa robo ya nne ya mechi ya 6 na si kingine. Akaniambia, "Mrushaji hapelekwi benchi. Ukimtoa umemuua." Nikamuuliza, mzee, ya saba ilikuwaje? Akajibu, "Walifungwa, bahati mbaya tu."

Bahati mbaya! Mtu kaiona ile mechi, anajua ni 2 kati ya 18, anakuletea kipande kitamu na kile kichungu anakikalia. Nilimheshimu sana yule mzee na bado hasira haijaisha. Angeniambia sentensi moja tu kuhusu Blackman, ningefikiri mara mbili.

Fainali ilichezwa saa tisa alasiri, uwanja wa saruji, jua kali, tumetoka kucheza jana yake. Namba 9 aliingiza mtupo wake wa kwanza. Baada ya hapo ringi ikawa kama imewekewa kufuli. Mitupo yake yote ilikuwa inagonga ukingo wa mbele wa ringi, ile sauti ya "kong", na kumrudia. Kocha yeyote anajua maana yake: mtupo ukiwa mfupi mara nne mfululizo, miguu imeisha, mkono hauna kosa. Mrushaji anarusha kwa magoti, na magoti ya yule mtoto yalikuwa yamebaki kwenye nusu fainali. Nilikuwa nayaona. Alianza kufuta viganja kwenye bukta kabla ya kila mtupo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Niliona na hilo. Na mimi nikawa napiga makofi pembeni nikipaza sauti, "Rusha, itaingia!"

Benchi nilikuwa na kijana mwingine, si hodari kama namba 9, ila miguu yake ilikuwa mibichi. Robo ya tatu alivua fulana ya juu akabaki na jezi. Akafunga kamba za viatu. Akazifungua, akazifunga tena, ananitazama. Nikamwangalia nikageuka. Tukafungwa kwa pointi nne. Namba 9 alimaliza akiwa ameingiza 1 kati ya 15.

Usidhani nalilia kombe. Yule mtoto hakuja mazoezini miezi miwili. Nilikwenda kwao, mama yake akaniambia, "Mwalimu, anasema aliwafungisha wenzake." Alibeba mzigo ambao ulikuwa wangu. Starks alisimama tena: alikuwa mtu mzima aliyewahi kupanga bidhaa dukani, ameingia ligi bila hata kuchaguliwa kwenye drafti, pale klabu zinapogawana wachezaji wapya, na msimu uliofuata akawa mchezaji wa kwanza wa NBA kuvusha mitupo 200 ya pointi tatu ndani ya msimu mmoja. Ana klabu nyuma yake, ana mshahara, ana mechi 82 za kujisahihisha. Dogo wako ana fainali moja, na darasani Jumatatu.

Basi fanya hivi. Ijumaa usiku chukua karatasi, andika jina la atakayeingia badala yake, na idadi ya mitupo. Mimi natumia minne: akikosa minne mfululizo anakaa dakika tatu, anakunywa maji, anarudi. Mwambie mwenyewe kabla ya mechi, mbele ya yule wa benchi, ili asione ni adhabu na mwenzake awe tayari kichwani. Halafu karatasi usikae nayo wewe. Mpe msaidizi wako, na umpe ruhusa ya kwenda mezani kuomba mabadiliko bila kukuuliza. Hapo ndipo watu wanabishana nami, wanasema kocha mkuu hapangiwi. Lakini Riley alikuwa na pete za ubingwa kutoka Lakers, anaujua mchezo kuliko sisi sote humu, na dakika ile bado hakuweza kumtoa kijana aliyempenda. Wewe utaweza kwa sababu gani? Ukishampenda mchezaji, macho yako yanahesabu ile iliyoingia juzi. Anayeweza kuhesabu zinazokosa leo ni yule mwenye karatasi.

Na mechi ya saba itazame leo, yote, usiruke. Usimwangalie Starks. Kila kamera ikipita kwenye benchi la Knicks, mtafute Blackman.

Kuhusu zoni na senta, kuna wadau humu wanaojua kuliko mimi, watakuja. Mimi nataka kitu kimoja kutoka kwako: kabla ya Ijumaa usiku rudi kwenye uzi huu uniambie umeandika jina la nani kwenye karatasi, na nani ameishika.