Kubakiza rangi moja kwenye picha nyeusi na nyeupe: kazi yote iko ukingoni

Picha ya kijivu yenye mwavuli mwekundu katikati hulivuta jicho mara moja. Dakika hiyo hiyo jicho linahamia ukingoni mwa mwavuli, pale wekundu unapokutana na kijivu, na hapo ndipo kazi inapojulikana kama ni safi au imelipuliwa. Maelezo haya ni ya GIMP, programu huria isiyolipiwa, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Anayetumia Krita, programu nyingine ya picha, atakuta mambo ni yale yale, ila majina ya menyu yanatofautiana.

Kabla ya kushika brashi, igeuze picha nzima kuwa nyeusi na nyeupe na uitazame. Ikipooza, achana nayo, maana rangi haitaiokoa. Picha inayofaa ina kitu kimoja chenye umbo linalosomeka na rangi isiyotapakaa kwingine. Kama wekundu uko kwenye mwavuli, kwenye kibao cha nyuma na kwenye viatu vya mpita njia, ukiubakiza kote umerudi ulikotoka.

Fungua picha na unakili leya, yaani tabaka la picha, kwa Shift+Ctrl+D. Ya chini itabaki na rangi zake, ya juu itageuzwa kijivu. Ukiwa kwenye ya juu, nenda Colors, Desaturate, kisha Desaturate tena. Kitatokea kisanduku cha kuchagua njia, na wengi hubonyeza OK bila kukisoma. Chagua Luminance, kwa sababu inafuata jinsi jicho linavyopokea mwanga: kijani kinatoka cheupe kiasi, bluu inatoka nzito. Njia ya Lightness huchukua wastani wa thamani kubwa na ndogo kati ya nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo nyekundu kali, kijani kikali na bluu kali zote zinaangukia kijivu kimoja, na picha inalala.

Kwa picha za watu, Mono Mixer, inayokuachia uchague kiasi cha kila rangi katika kijivu, ni bora kuliko Desaturate. Iko Colors, Components. Weka nyekundu 0.6, kijani 0.3, bluu 0.1, kisha rekebisha kwa macho. Nyekundu ikiongezwa, ngozi inang'aa na kulainika. Bluu ikizidi, kila doa na mkunjo hujitokeza.

Sasa maski. Bonyeza kulia kwenye leya ya juu, chagua Add Layer Mask, kisha White. Kwenye picha hakuna kitakachobadilika, na ndivyo inavyotakiwa. Maski ndiyo inayoamua leya ionekane wapi: palipo na nyeupe inaonekana, palipo na nyeusi inafichika, na kijivu kinaionyesha kwa kiasi. Chukua brashi kwa P, bonyeza D ili rangi ya mbele iwe nyeusi, halafu pakaa juu ya mwavuli. Kijivu kinatoboka na wekundu wa chini unatokea. Ukipitiliza, bonyeza X ili nyeusi na nyeupe zibadilishane nafasi, upakae kurudisha kijivu.

Wapo wanaotumia kifutio badala ya maski. Matokeo ya mwanzo yanafanana, lakini ulichofuta, ukifunga faili hukipati tena. Maski ikihifadhiwa ndani ya faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, unaweza kuirudia hata baada ya miezi, ukasogeza ukingo pikseli moja tu. Na kama brashi inaacha doa jeusi juu ya picha yenyewe, ujue unapaka leya, hujashika maski. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, bonyeza kijipicha cha maski kilicho pembeni ya kile cha leya, uendelee.

Anza ndani ya umbo kwa brashi kubwa, ukiacha utepe wa pikseli kama 10 hadi ukingoni. Kisha kuza picha mpaka asilimia 200 na umalizie utepe huo kwa brashi ndogo. Ukubwa unaupunguza kwa [ na kuuongeza kwa ]. Ugumu wa brashi ufuate ukali wa picha mahali hapo: ukingo uliokaa sawa kwenye fokasi unataka brashi ya Hardness 075, uliofifia unataka ya 025. Mwavuli mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, ncha ya mbele ikiwa kali na ya nyuma ikiwa imefifia, na ukitumia brashi moja pande zote, upande mmoja utaonekana umekatwa kwa mkasi.

Ukiwa na shaka, baki ndani. Mstari mwembamba wa kijivu ndani ya kitu husomeka kama kivuli na jicho linausamehe. Utepe wa rangi uliovuja nje hausameheki. Kwenye nywele au manyoya usifuate unywele mmoja mmoja. Shusha upenyevu (Opacity) wa brashi hadi asilimia 30 na uvute kuelekea kule nywele zinakolala, mara mbili tatu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Rangi haiishii kwenye kitu chenyewe. Mwavuli mwekundu hutupa wekundu kidogo kwenye shavu la aliyeushika, na kama ardhi imelowa, una mwenzake ndani ya maji. Mwavuli ukiwa mwekundu huku taswira yake majini ni ya kijivu, mtazamaji anahisi uongo hata kama hawezi kuutaja. Pakaa taswira hiyo kwa upenyevu wa asilimia 60 hivi, na shavu kwa 15 kwa brashi laini.

Kama rangi inajitenga wazi na zilizo jirani, Select by Color, yaani Shift+O, inafupisha kazi. Simama kwanza kwenye leya ya chini yenye rangi, la sivyo, kwa mipangilio ya kawaida, itachagua vijivu. Anza na Threshold 30, yaani kiasi cha tofauti ya rangi kinachokubaliwa, lainisha uteuzi kwa Feather ya pikseli 2, rudi kwenye maski ya leya ya juu na ujaze nyeusi. Midomo na vitu vingine vyekundu mara nyingi huingia humo humo. Vizibe kwa nyeupe. Kisha bonyeza kulia na uchague Show Layer Mask. Maski inaonekana peke yake, na vijitundu vyote ulivyoviruka vinajianika.

Rangi iliyozungukwa na kijivu huonekana kali kuliko ilivyokuwa. Nenda leya ya chini, fungua Hue-Saturation, ushushe Saturation kwa 10 hadi 20. Wengi huipandisha, na picha inaanza kupiga kelele.

Picha iliyopigwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, kwa mfano ya zamani iliyoskaniwa, haina rangi ya kufunua, kwa hiyo unaipaka wewe. Brashi ikitoa kijivu tu kila ukichagua nyekundu, faili liko kwenye Grayscale, hali ya kijivu pekee; nenda Image, Mode, RGB. Ongeza leya mpya iliyo wazi, weka hali yake (Mode) iwe HSL Color, upake humo, kisha shusha upenyevu wa leya hadi kati ya asilimia 30 na 60. Kwa hali hiyo nyeupe kamili na nyeusi kamili hazishiki rangi, hivyo usishangae mng'ao ukibaki mweupe. Njano ni ngumu zaidi: juu ya kijivu kizito inageuka rangi ya matope, kwa kuwa njano tunayoijua ina mwanga mwingi. Papandishe mwanga mahali hapo kwanza kwa Curves.

Hifadhi XCF, halafu utoe JPEG kwa Shift+Ctrl+E. Weka ubora 90 au zaidi, fungua mipangilio ya ziada na uhakikishe Subsampling ni 4:4:4. Kwenye 4:2:0 kila kundi la pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi, na wekundu ulioubana kwa saa nzima unavuja tena kwenye kijivu. Kama picha imeanzia kwenye JPEG ya namna hiyo, uvujaji huo tayari umo ndani yake, na utaukuta ukingoni kabla hujagusa brashi. Hapo ingiza ukingo wa maski ndani kwa pikseli moja au mbili.