Muulize Fundi wa Viti: Manyoya ya Mbwa Hutolewa Makavu

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina Noah yenye viti vya mahameli rangi ya kijivu iliyokolea. Kila Jumamosi nampeleka mbwa wetu wa ulinzi shambani Muheza, na siku za kazi gari hilohilo hubeba majirani na watoto wa madrasa. Juzi jirani yangu alishuka na buibui limejaa manyoya meupe mgongoni. Hakusema neno, lakini kesho yake alipanda daladala. Nimelipeleka gari kwa waosha magari, likarudi linanukia vizuri na manyoya yapo palepale, tena yameshikana zaidi. Nifanyeje?
K., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waliokuoshea walianza na maji, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Unyoya wa mbwa ukilowa hulala, hushikana na wenzake na kujibana kwenye nyuzi za kitambaa. Ukikauka unakuwa kama umefumwa humo. Manyoya yatolewe kwanza, yote, kiti kikiwa kikavu, ndipo sabuni iguse chochote.

Bila shaka mbwa wako ni wa manyoya mafupi. Watu huwaogopa wale wa manyoya marefu, lakini unyoya mrefu hujiviringisha juu ya kiti na ukiuvuta unakuja. Mfupi ni mgumu, umenyooka na una ncha. Abiria akiukalia anauchomeka ndani ya mahameli. Ndiyo maana mashine ya kufyonza vumbi peke yake hupita juu na kuuacha umesimama.

Kinachoutoa ni mpira. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, kandamiza kiganja, vuta kuja kwako kwa mkupuo mfupi, nyanyua, anza tena. Usisugue kwenda na kurudi, maana unarudisha ulichotoa. Manyoya yatajikusanya kuwa mstari unaookotwa kwa vidole. Mahameli yana ulalo wake: ukipitisha mkono upande mmoja kitambaa huonekana cheusi zaidi, upande wa pili cheupe. Anza kuvuta kinyume cha ulalo ili unyoya uchomoke, malizia kwa kuufuata ili kiti kirudi sura yake. Kwenye mgongo wa kiti, palipo pana, tumia ule mpira wenye mpini mfupi wa kufutia vioo. Kama hunao, soli ya kandambili mpya ya mpira inatosha.

Yapo manyoya yatakayong'ang'ania kwa sababu ya umeme mdogo unaoletwa na msuguano wa nguo na kiti. Kwa hayo, changanya kifuniko kimoja cha dawa ya kulainishia nguo na nusu lita ya maji, tia kwenye chupa ya kupulizia, na upulizie kwa mbali kama ukungu. Kitambaa kisilowe. Kikishakauka, rudia mpira. Usizidishe dawa, kwani hubaki kwenye kitambaa na kukamata vumbi. Tepu pana ya kufungia maboksi iache kwa ajili ya mabaki machache mwishoni, na usiitumie gari likiwa limeungua na jua, kwa kuwa gundi huyeyuka na kubaki kitini.

Sasa fika pale ambapo waoshaji wengi hawafiki. Sukuma viti vya mbele mpaka mwisho, safisha nyuma ya reli. Kisha virudishe nyuma, safisha mbele yake. Manyoya mengi hujificha humo, na kwenye shimo la kufungia mkanda, na kwenye mfereji wa mlango wa kuteleza wa Noah. Kama kuna kompresa ya upepo kwa fundi wa jirani, puliza sehemu hizo milango yote ikiwa wazi, ukianzia mbele kwenda buti. Chini ya kiti ukiona nyaya za njano, usizichomoe wala usizimwagie maji: ni za mifuko ya hewa. Halafu kagua chujio la hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya droo ya dashibodi. Likiwa limejaa manyoya, AC itaendelea kutoa harufu ya mbwa hata viti viwe vipya.

Hapo ndipo uoshe, kwa povu jepesi na brashi laini, na uache gari likauke milango ikiwa wazi hadi ndani ya sponji.

Nimesikitika kwa ajili ya jirani yako, na napenda ulivyoliona bila yeye kusema. Pwani kwetu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mbwa ni najisi pamoja na manyoya yake. Mwanamke aliyeshuka na manyoya kwenye buibui hawezi kusali nalo hivyo. Kero yake si ya usafi wa macho tu. Fundi hatoi fatwa. Muulize shekhe wa msikiti wenu kuhusu kiti ambacho mbwa amekilalia akiwa na maji au mate, kwa kuwa unyevu una hukumu yake, na kuna kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Ukishajua, mwambie jirani waziwazi umefanya nini. Atakuamini zaidi kuliko akiona kiti kinang'aa tu.

Kwa Jumamosi zijazo, kunja viti vya nyuma kabisa na umpe mbwa nafasi hiyo peke yake. Tandika shuka la pamba lililofumwa kwa karibu, ulifunge juu kwenye viegemeo vya vichwa ili lifunike na mgongo wa kiti. Blanketi la manyoya halifai, na turubai tupu humtelezesha mbwa, akaogopa na kukwangua. Mchane nje ya gari kabla hajapanda. Unyoya unaobaki kwenye chanuo haufiki kitini. Lakini kama ana mabaka ya upara au anajikuna mfululizo, huenda ni ukurutu au viroboto, na mtu wa kumwona ni daktari wa mifugo. Mayai ya viroboto hudondoka kwenye kapeti, kwa hiyo uchafu wa mashine umwage mbali mara tu unapomaliza.

SWALI: Mama, nimesugua kiti cha gari kwa jiwe la kusugulia miguu ili nitoe manyoya ya mbwa. Yametoka, lakini kitambaa kimeota vinundu. Kinatengenezeka?
Dereva, Moshi

JIBU: Vinundu vinanyolewa. Tumia wembe wa kunyolea ndevu wenye mpini, mpya, ukiteleza kwa wepesi bila kukandamiza, au kile kimashine cha kunyoa masweta. Palipoisha nyuzi hapatarudi. Fundi atakubadilishia kipande hicho tu, si kiti kizima, na rangi ya karibu mara nyingi hupatikana kwenye viti vilivyong'olewa magari mabovu. Jiwe lile litumie kwenye kapeti ngumu ya sakafu, likiwa kavu. Huko linafanya kazi nzuri sana.